Kumwandikia mgeni njia ya kufika kwenye shughuli ya mtaa Nairobi

Mwaliko ukisema "karibu na steji, uliza tu utaonyeshwa", wenyeji watafika na mgeni atabaki steji akizunguka. Iwe ni kikao cha wazazi, chama, baraza, kambi ya matibabu au usafi wa mtaa, aliyehamia juzi hajui aulize nani wala aulize nini. Akipiga simu, anayepaswa kupokea ndiye anayepanga viti.

Mgeni hapotei ndani ya matatu. Matatu itamfikisha alikotajiwa. Anapotea kuanzia pale aliposhuka hadi getini, mita mia tatu au nne za mwisho. Hizo ndizo zinazotaka maneno mengi, na ndizo wenyeji huzimaliza kwa "nyoosha tu, utaona", kwa sababu miguu yao inazijua hata gizani. Kwa hivyo ukiandika maelekezo, maneno mengi zaidi yaweke mwishoni mwa safari, si mwanzoni.

Jina la mahali kwanza

Hakikisha jina unalotoa haliwezi kumpeleka mtu kwingine. Nairobi ina majina mengi ya kunasa. Githurai 44 na Githurai 45 ni sehemu mbili, zilizopata majina yake kutokana na namba za matatu. Ya kwanza iko Kaunti ya Nairobi, ya pili iko Kiambu. Kahawa West si Kahawa Sukari, wala hizo si Kahawa Wendani. Dagoretti Corner iko Ngong Road, na Dagoretti Market iko kilomita kadhaa mbele. Soweto iko Kibera na nyingine iko Kayole. Mtu akiambiwa "Kasarani" anaweza kushuka uwanja wa Moi huku nyinyi mko njia ya kwenda Mwiki. Kariobangi ina North na South, Umoja ina namba, Buruburu ina fezi. Andika jina zima kila mara, hata kwenye kichwa cha ujumbe, maana mgeni atakapomwuliza jirani njia atataja kichwa cha ujumbe tu.

Mtego wa pili ni majina ya vitu visivyokuwepo. Taj Mall ilibomolewa 2018, lakini makonda na abiria bado wanaita hapo Taj Mall. Odeon na Globe yalikuwa majumba ya sinema. Allsops kwenye makutano ya Outer Ring Road na Thika Road ni jina la kiwanda ambacho mgeni hatakiona akishuka. Majina haya ni mazuri sana kwa konda, na mabaya sana kwa macho. Yatumie, ila mwambie mgeni waziwazi: "Taj Mall ni jina la steji, usitafute jengo."

Barabara nazo zina majina mawili. Aliyefungua ramani ataona Prof. Wangari Maathai Road, na dereva wa teksi atamwambia Forest Road. Outer Ring Road hutamkwa "Autarin" kwa haraka ambayo mgeni hawezi kuiandika kwenye simu. Mpe yote mawili, la kusoma na la kusikia.

Sehemu ya matatu

Usianze na "ukitoka mjini" ukaishia hapo. Katikati ya jiji hakuna kituo kimoja cha matatu zote. Za Rongai na Ngong utazipata Railways, mabasi mengine yako Kencom, mengine Ambassadeur, na kutoka steji moja hadi nyingine mgeni anaweza kutembea robo saa akiwa na mtoto mgongoni. Halafu kaunti huhamisha vituo mara kwa mara. Tuma mtu akahakikishe wiki hiyohiyo ya shughuli, si kwa kumbukumbu ya mwaka jana.

Namba pekee haitoshi. 125 huishia Rongai na 126 huendelea Kiserian. Anayeshuka njiani anaweza kupanda yoyote, lakini anayekwenda mbele zaidi ya Rongai akikosea namba atalipa nauli mara mbili. Kwa hivyo andika namba, jina lililoandikwa kwenye kibao cha kioo cha mbele, na barabara inayopitia. Matatu nyingi hubadilisha njia kukiwa na msongamano, na Thika Road zipo zinazopita njia ya kati bila kugusa steji ndogo za pembeni. Mgeni amwulize konda kabla ya kupanda: "Mnasimama mahali fulani?" Mwandikie swali hilo neno kwa neno. Watu huona haya kuuliza swali ambalo hawajui kulipanga.

Kisha mpe steji mbili zaidi ya ile yake: inayotangulia, ili ajiandae, na inayofuata, ili ajue amepitiliza. Hili linafanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote katika sehemu ya matatu. Ndani kuna muziki, kiti cha nyuma hakina dirisha la maana, na konda ameshasahau alichoambiwa wakati wa kulipa. Anayejua kuwa baada ya kituo cha polisi ni steji yake atasimama mapema na kugonga mwenyewe.

Taja upande wa barabara atakaoshukia. Kwenye Thika Road, Mombasa Road na Outer Ring Road upande usio wako maana yake ni kupanda daraja la wapita miguu na kushuka, na anayejaribu kuvuka chini anahatarisha maisha. Kama mnajua wengine watatoka upande wa pili, wanaokuja kutoka Thika kwa mfano, waandikieni aya yao. Usimwambie "ni kinyume chake". Mtu hawezi kugeuza kulia na kushoto kichwani akiwa ndani ya matatu.

Nauli ielezwe kwa kiwango cha chini na cha juu, kwa kuwa mvua na saa za msongamano huipandisha, na umkumbushe kubeba noti ndogo. Treni za jiji, za Syokimau, Imara Daima, Makadara na kwingineko, zinafaa zaidi asubuhi na jioni za siku za kazi. Usizitaje kwa shughuli ya Jumamosi mchana kabla ya kuona ratiba.

Mita mia nne za mwisho

Hapa kaa, andika, futa, andika tena.

Kulia na kushoto havina maana mpaka useme mtu ameelekea wapi. Mgeni ameshuka, amegeuka mara mbili kuangalia mfuko wake, na sasa "kushoto" yake si yako. Mpange kwanza: "Ukishuka, ipe barabara kubwa mgongo." Au: "Simama uelekee daraja." Baada ya hapo ndipo useme kulia.

Kila hatua iwe na mambo matatu: kitu atakachokiona, atakachofanya akikiona, na umbali hadi kitu kinachofuata. Umbali wa kutembea mpe kwa dakika na pia kwa mita. Mtu mzima huenda kama mita 80 kwa dakika kwenye njia nzuri. Kwenye matope au na mtoto ni 50 hadi 60. "Hapo tu" na "si mbali" viondoe kabisa. Mwenyeji husema "hapo tu" hata kwa kilomita nzima, na mgeni akitembea dakika tatu bila kuona kitu ataanza kurudi nyuma.

Chagua alama zisizohama. Shule ya msingi, msikiti, kituo cha polisi, ofisi ya chifu, tangi la maji la juu, mnara wa simu, reli, daraja, transfoma. Hizi zitakuwepo mwaka ujao. Kibanda cha mama mboga kinakuwepo asubuhi na jioni, na Jumapili hakipo. Duka la M-Pesa linafanana na jingine mita ishirini mbele. Baa hubadilisha jina. Rangi ya geti hubadilika msimu wa Krismasi. Kanisa linafaa ukitoa jina kamili kama lilivyo kwenye kibao, maana mtaa mmoja unaweza kuwa na makanisa manne ya mabati, yote ya bluu.

Usiseme "barabara ya tatu kulia". Mgeni atahesabu vichochoro, au hatahesabu. Lami iliyoishia njiani je, ni barabara? Njia ya miguu kati ya ploti mbili je? Badala ya namba, tumia kilichoko kwenye kona: "ingia kulia kwenye kona yenye transfoma." Ukilazimika kuhesabu, sema unahesabu nini: "njia za magari tu."

Weka alama ya kumjulisha kwamba amepitiliza. Mwenyeji huwa hafikirii jambo hili, kwa kuwa yeye hapitilizi. "Ukiona reli, umepita, rudi dakika moja." Sentensi hiyo moja huokoa simu kadhaa.

Na usimwache getini. Mitaa yenye kuta huwa na mageti zaidi ya moja, na mengine hufungwa wikendi au jioni. Taja geti lipi, askari atauliza nini, ajibu nini, atasajiliwa kwa kitambulisho au jina tu, kisha jengo, ghorofa na mlango. Mgeni aliyefika getini na kurudishwa na askari hatakuja mara ya pili.

Huu hapa mfano wa kubuni, ili uone umbo lake:

Kikao cha wazazi, Jumamosi, saa nane mchana (14:00) hadi saa kumi (16:00).
1. Ukilipa nauli, mwambie konda: "Nishushie Posta."
2. Ukiona kituo cha polisi upande wa kushoto, jiandae. Posta ndiyo inayofuata.
3. Ukishuka, panda daraja la wapita miguu uvuke hadi ng'ambo.
4. Chini ya daraja, ipe barabara kubwa mgongo. Mbele yako kuna ukuta mrefu wa mawe, wa shule. Ufuate ukiwa mkono wako wa kulia, dakika nne (mita 300).
5. Utapita geti jeusi, Jumamosi hufungwa. Ingia geti la pili, la kijani. Mwambie askari "kikao cha wazazi". Ni jengo la pili, chini, mlango ulio wazi.
Ukifika reli umepitiliza. Rudi dakika moja, geti litakuwa kushoto kwako.

Hatua tano si bahati. Mtu anaweza kuzishika kichwani, na Nairobi hilo ni jambo la usalama: anayetembea akitazama ramani kwenye simu karibu na steji anaweza kunyang'anywa simu hiyo na bodaboda inayopita. Mwandikie ndani ya maelekezo asome akiwa bado amekaa, kisha aweke simu mfukoni. Njia ikihitaji zaidi ya hatua saba, afadhali mtu wenu amngoje steji.

Pini ya ramani

Pini, yaani alama ya mahali kwenye ramani ya simu, husaidia, lakini hukosewa kwa namna zilezile kila mara. Ya kwanza: mtu hutuma "mahali nilipo sasa" akiwa kazini au nyumbani kwake, si kwenye ukumbi. Ya pili: huiweka juu ya paa. Ramani humpeleka mgeni kwenye barabara iliyo karibu zaidi na paa hilo, ambayo huenda iko nyuma ya ukuta, na geti liko upande mwingine. Nenda usimame getini, nje, mbali na mabati na majengo marefu, ngoja kama dakika moja duara la bluu lipungue, kisha ubonyeze mahali penyewe kwa kidole na utume hapo. Ya tatu: mahali unapofuatwa moja kwa moja kwenye WhatsApp (live location) hukoma baada ya dakika 15, saa 1 au saa 8, kulingana na ulichochagua, kwa hivyo halifai kwa mwaliko wa wiki ijayo.

Ukituma namba za latitudo na longitudo, angalia alama ya kutoa. Nairobi iko kusini ya ikweta, karibu na -1.286, 36.817. Alama hiyo ikipotea wakati wa kunakili, ramani itamwonyesha mgeni Samburu, kaskazini kidogo ya Maralal, zaidi ya kilomita 280 kutoka kwenye viti vyenu. Tarakimu nne baada ya nukta zinakaribia mita 11, ambazo zinatosha kwa geti. Tatu ni kama mita 110, na hapo umeshampeleka ploti nyingine.

Kwa mitaa isiyo na majina ya barabara, msimbo wa Plus Code wa Google ni mzuri kuliko namba hizo. Unaonekana hivi: PR78+JR Nairobi (huo uko katikati ya jiji). Ni mfupi, unaandikwa kwenye karatasi, unasomwa kwa simu, na msimbo wa urefu huo huonyesha eneo la mita 14 kwa 14 hivi. Usiache neno Nairobi, vinginevyo ramani itabahatisha ni mji gani.

Shughuli ikiwa nyumbani kwa mtu, pini isiwekwe kwenye kundi la watu mia mbili. Wape waliothibitisha tu.

Wenye kabambe (simu ndogo za vitufe)

Wapo wageni wasio na WhatsApp, na mara nyingi ndio mnaowataka zaidi: wazee, vibarua, waliofika mjini mwezi huu. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukiweka emoji moja tu, uwezo huo hushuka hadi 70 na ujumbe hukatwa vipande ambavyo kwenye simu nyingine hufika kwa mpangilio wa ajabu. Mfano ule wa juu unaingia hivi:

Kikao Jmosi saa 8 mchana (14:00). Shuka Posta. Vuka daraja, fuata ukuta wa shule, geti la 2 la kijani. Ukiona reli umepita. Piga 07xxxxxxxx

Hizo ni herufi 139. Saa iandikwe kwa njia zote mbili, kama hapo. Mgeni anayefikiri kwa Kiingereza akisoma "saa 8" peke yake anaweza kuja asubuhi, na anayefikiri kwa Kiswahili akisoma "2.00" anaweza kuja na giza. Taja saa ya kweli ya kuanza pia. Ukiandika saa nane ukijua wenyeji huja saa tisa, mgeni atakaa na viti vitupu saa nzima na kudhani amekosea ukumbi.

Namba za simu ziwe mbili, na hakuna hata moja iwe ya msema chochote (MC), mpishi au mwenyekiti. Mmoja kati ya hao wa simu awe anaijua njia kwa miguu. Wenye magari hujua njia za magari tu.

Mishale na mtu wa steji

Karatasi ya A3 ikilazwa inabeba neno moja na mshale kwa herufi za sentimita 10, na hizo husomeka vizuri kutoka mita 30 hivi. Msiandike zaidi: KIKAO na mshale. Wino mweusi mnene kwenye karatasi ya njano au nyeupe, ndani ya plastiki iliyofungwa juu, kwa ajili ya mvua ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba. Kila kona inataka mbili: moja hatua kumi kabla ya kona, nyingine baada ya kukata kona ili mtu ajue hakukosea. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika. Zifungwe kwa kamba kwenye uzio wa mtu aliyeombwa ruhusa, kimo cha macho. Nguzo za umeme ziacheni. Kanjo (askari wa kaunti) wanaweza kung'oa karatasi zenu na kuwadai ada ya matangazo.

Ikibidi kuchagua kati ya mishale kumi na kijana mmoja mwenye jaketi la kung'aa pale steji, mchukueni kijana. Asimame kuanzia nusu saa kabla hadi dakika arubaini baada ya kuanza, maana mgeni aliyepotea huchelewa kwa kiasi hichohicho. Awe na orodha ya majina, na asiondoke kumsindikiza mmoja akaacha wengine, hivyo kwa shughuli kubwa wawe wawili.

Yanayobadilika na saa

Pita njia hiyo siku na saa ileile ya shughuli, angalau mara moja. Njia ya soko Jumapili asubuhi si njia ya soko Ijumaa jioni. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hivyo shughuli inayoisha saa moja usiku inahitaji maelekezo ya kurudi pia: njia yenye taa, steji yenye matatu saa hizo, na boda wa kuaminika. Watu wengi huandika ya kuja na kusahau ya kurudi, na mwanamke aliyekuja peke yake huondoka kabla ya kikao kuanza vizuri. Taja pia mtaro wa kuruka, ngazi, au mahali kiti cha magurudumu hakipiti, na njia mbadala kama ipo.

Kabla ya kutuma, mpe maelekezo mtu ambaye hajawahi kufika mtaani kwenu. Mfanyakazi mwenzako, binamu aliyetoka Kitui, yeyote. Mtu wako amfuate nyuma kimya, bila kumsaidia, na aandike kila mahali aliposimama, alipogeuka kichwa au alipouliza. Kila kisimamo ni sentensi inayokosekana. Ongeza hiyo, ondoa ambayo hakuitumia, kisha tuma siku tatu kabla na tena asubuhi ya shughuli, maneno yaleyale. Ukibadilisha chochote baada ya kutuma, andika mwanzoni kabisa "MABADILIKO" na useme kilichobadilika, maana kundi litakuwa na matoleo mawili na watu watafuata la zamani.

Siku yenyewe, wanaopokea simu waandike kila anayepiga alikuwa amesimama wapi. Wakipiga watatu kutoka pembe moja, tatizo ni hatua ya kabla ya pembe hiyo, na mshale wa dharura unaweza kuwekwa hapo mara moja. Jioni karatasi zote zing'olewe, vinginevyo wiki ijayo mgeni wa watu wengine ataufuata mshale wenu hadi kwenye geti lililofungwa.